Faini ya 30,000 kwa mwenye Vitz na mwenye V8: huu ni usawa au ni uonevu?

#1 Sauti ya Kimara

Wakuu habari za jioni.

Kuna jambo linanikera siku nyingi, naomba tulijadili kwa hoja. Ukipigwa tochi (kamera ya polisi ya kupima mwendo) kwenye kibao cha kilomita 50 kwa saa hapa mjini, faini ni shilingi 30,000. Kijana mwenye Vitz ambaye bado anadaiwa mkopo wa hilo gari analipa 30,000. Mwenye Land Cruiser V8 analipa hiyo hiyo 30,000. Kwa wa kwanza hiyo ni mboga ya wiki nzima nyumbani. Kwa wa pili haitoshi hata mafuta ya kwenda Bagamoyo na kurudi. Adhabu kazi yake ni kumfanya mtu asirudie kosa. Sasa huyu wa pili atazuiwa na nini?

La pili ni kamera yenyewe. Mtu amekaa nyuma ya mwembe, anapiga picha, picha inatumwa kwa simu kwa wenzake walio mbele, unasimamishwa, unaonyeshwa kioo cha simu kidogo tu, kinarudishwa mfukoni. Ukiuliza kifaa kilipimwa lini mara ya mwisho, unaonekana mkorofi.

La tatu, deni linaandikwa kwenye namba ya gari. Aliyeendesha ni shemeji yako, anayedaiwa ni wewe.

Msimamo wangu: faini iendane na uwezo wa mtu au ukubwa wa injini, picha apewe mwenye gari, na kamera iwekwe mahali pa wazi. Nawasilisha.

#2 Chuma cha Mjerumani

Endesha 50. Hutalipa hata senti, uwe na Vitz, uwe na V8. Sioni mjadala hapa.

#3 Kipepeo wa Tabata

#2 mkuu, ulishawahi kwenda 50 kutoka Mbezi Mwisho mpaka Kibaha? Barabara njia nane, pana, lami safi, kibao cha 50 kinatokea ghafla, kile cha kumaliza 50 hukioni kabisa. Unaenda 50 huku daladala nyuma inakupigia honi kama umemfungia njia bwana harusi.

#4 Mama Wawili

Naomba niseme kama mzazi. Naishi Boko, wanangu wanavuka Barabara ya Bagamoyo kila siku ya shule. Pale kwenye kivuko kuna mtoto wa darasa la sita au la saba ameshika kibao cha mbao kilichoandikwa SIMAMA, rangi imeshabanduka, herufi ya mwisho haisomeki. Ananyoosha mkono, wenzake wanapita mbio wameshikilia mabegi kifuani. Wapo madereva wanaosimama. Wapo wanaopunguza kidogo halafu wanakwepa kwa kulia, na huko kulia ndiko mtoto anakotokea.

Kwa hiyo ninyi mnaosema kamera inajificha, mimi naomba ijifiche zaidi. Ikiwa mahali pa wazi mtapunguza mwendo hapo tu, mkiipita mnakanyaga mafuta. Mtoto wangu hajui kamera iko wapi, anajua barabara iko wapi.

#5 Ng'wana Kishapu

Dada #4 nakuunga mkono, na mimi ni dereva wa basi la mkoani.

Sisi tuna VTS. Ndani ya basi kuna kifaa kinachotuma mwendo wetu LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, muda wote. Ukomo wetu ni 80. Ukizidisha kifaa kinapiga kelele, abiria wote wanasikia, na siku hizi abiria wenyewe wanasema "dereva, inalia hiyo". Hakuna mwembe wala kichaka. Napimwa kuanzia natoka stendi ya Magufuli pale Mbezi mpaka nashusha abiria Mwanza. Mwanzoni tulinung'unika sana. Leo nakwambia, afadhali hicho kifaa kuliko tochi, kwa sababu kinanipima mimi na mwenzangu wa kampuni nyingine sawasawa, saa zote, na hakina njaa.

Na tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku mwaka 2023, bila kitu cha namna ile sijui tungekuwaje.

#6 Mjukuu wa Pwani

Mleta uzi, unachokidai kipo duniani. Finland faini inapigwa kwa kipato cha mtu. Mwaka 2023 tajiri mmoja wa visiwa vya Åland, Anders Wiklöf, alinaswa akienda 82 kwenye eneo la 50. Faini yake ilikuwa euro 121,000. Kabla yake, mwaka 2002, mkurugenzi wa Nokia aitwaye Anssi Vanjoki alikuwa kwenye pikipiki akienda 75 kwenye 50, akapigwa euro 116,000. Kule kila faini ya barabarani ni kwa mshahara wako, tajiri hana pa kujificha.

#7 Mhitimu wa Mlimani

#6 umesema vizuri ila turekebishe. Finland si kila faini. Ukizidisha mwendo kidogo unapigwa faini ya kiwango kimoja kwa wote, kama yetu. Inayohesabiwa kwa kipato ni pale unapozidisha kwa zaidi ya kilomita 20 kwa saa. Hapo wanachukua takriban nusu ya kipato chako cha siku baada ya kodi, wanazidisha kwa idadi ya siku kulingana na uzito wa kosa. Huyo Wiklöf alizidisha 32, ndiyo maana.

Sasa swali la msingi: Finland wanajua kipato cha kila mtu, taarifa za kodi ziko wazi. Hapa kwetu TRA, mamlaka ya mapato, inamjua mwalimu na muuguzi, maana kodi yao inakatwa kwenye mshahara. Mfanyabiashara mkubwa wa Kariakoo kipato chake halisi nani anakijua? Tukipiga faini kwa kipato, atakayeumia ni mwalimu. Yule mwenye maghorofa atalipa kama fundi cherehani.

#8 Sauti ya Kimara

#7 ndiyo maana nimesema AU ukubwa wa injini. Injini haidanganyi, iko kwenye kadi ya gari.

#4 dada yangu, mimi sipingi watoto kulindwa. Nasema yule wa V8 hazuiwi na 30,000, kwa hiyo mwanao halindwi dhidi yake. Mimi na wewe tuko upande mmoja.

#9 Kijiwe Mwenge

Bodaboda wao hawalipi chochote na ndio wanaongoza kuvunja sheria. Wanapita taa nyekundu, wanapita njia ya mabasi ya mwendokasi, wanapita hadi pa waenda kwa miguu. Mngeanza na hao.

#10 Salumu wa Manzese

#9 mimi ni bodaboda. Tunalipa. Usitusingizie.

Na njia ya mwendokasi tunaingia kwa sababu abiria anakuambia "nina usaili saa mbili, fanya unavyoweza". Siku ukikaa pembeni na foleni ya Magomeni, anakushusha, anachukua mwingine. Sitetei, naeleza kinachotokea. Nimeona mwenzangu amegongwa na basi pale, niliacha mimi.

#11 Mwanasheria Kijana

Naomba kuweka mambo ya sheria sawa maana uzi unaenda kasi.

Kwanza, bodaboda na bajaji wanalipa 10,000 kwa kosa. Ilikuwa 30,000 kama magari, ikapunguzwa katika bajeti ya mwaka 2021. Hoja iliyotolewa ndiyo hiyo hiyo ya mleta uzi, kwamba kiwango kile kilikuwa hakiendani na kipato cha chombo. Kwa hiyo Tanzania tayari tumekubali kwamba faini inaweza kutofautiana kwa aina ya chombo. Tumekubali kwa kushuka chini tu, kwenda juu bado.

Pili, ile 30,000 haikulazimishi. Chini ya Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, ukilipa maana yake umekiri kosa. Una haki ya kukataa ukapelekwa mahakamani, na huko upande wa mashtaka ndio wenye kazi ya kuthibitisha, ikiwemo kuleta picha. Kinachowashinda watu ni kwamba kesi ya 30,000 inakula siku za kazi, nauli na utulivu wa moyo. Haki ipo ila gharama ya kuifikia inazidi adhabu yenyewe, na hapo ndipo naona uonevu ulipo hasa.

Tatu, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023. Ndani yake mtu ana haki ya kutaka uamuzi unaomwathiri kwa uzito usifanywe na mashine peke yake. Ina mipaka yake, ila wengi hawajui hata kama ipo.

#12 Kipepeo wa Tabata

#11 asante mwanasheria. Kwa hiyo nikikataa kulipa, gari linakaa wapi wakati nasubiri kesi?

#13 Fundi Maneno

Nimesoma kote, hakuna aliyezungumzia spidomita. Mimi fundi, gereji yangu iko Tabata.

Wengi mnaapa "mimi nilikuwa 50 kamili, kamera imenionea". Sikilizeni. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa kuhusu spidomita inasema isionyeshe chini ya mwendo halisi hata siku moja, ila inaruhusiwa kuonyesha zaidi. Kwa hiyo gari ambalo halijaguswa, mshale ukisoma 50, mara nyingi uko 46 au 47. Una akiba.

Akiba inaliwa na nini? Matairi. Mtu ananunua IST ana hamu ya rimu kubwa, anafunga tairi nene kuliko la kiwandani. Tairi kubwa likizunguka mara moja linakula barabara ndefu zaidi, spidomita haijui, inaendelea kuhesabu mizunguko kama zamani. Mshale unasema 50, gari limeshapita 50. Anapigwa tochi, anakuja gereji ananiambia mitambo imeharibika. Mtambo uko sawa, kilichobadilika ni rimu.

Mkitaka kujua mwendo wenu halisi fungueni ramani kwenye simu, GPS inapima bila kujali tairi.

#14 Nduguyangu wa Gongo la Mboto

Fundi #13 hapo umetoa shule. Lakini vile vifaa vyao ni rada, na rada inachanganya magari. Mimi niko pembeni ya Scania, nani anajua imesoma Scania au mimi?

#15 Mhitimu wa Mlimani

#14 tochi nyingi za kushika mkononi zenye kamera ni za leza, si rada. Tofauti ni kubwa. Rada inatawanya wimbi pana, inaweza kuchukua gari la jirani. Leza inatuma mapigo mengi ya mwanga usioonekana kwa sehemu ya sekunde, inapima umbali ulivyopungua kati ya pigo na pigo. Doa lake ni dogo, kwenye mita 300 lina upana kama wa mita moja. Na kwenye picha kuna alama ya msalaba inayoonyesha imelenga gari gani.

Tena ukiwa unapimwa kutoka pembeni ya barabara, ile pembe inakupendelea wewe. Pembe ya nyuzi 10, gari lenye mwendo wa 60 linasomeka 59. Kifaa kinakosea kwa faida yako.

Ila haya yote yanategemea mambo mawili: kifaa kimehakikiwa, na aliyekishika ameshika vizuri. Hapo mleta uzi ana hoja. Dereva akiomba kuona msalaba umekaa kwenye gari lake, na tarehe ya uhakiki, hajafanya ukorofi wowote.

#16 Mtu wa Takwimu

Na kwa nini 50, kwa sababu naona wengi wanadhani ni namba iliyookotwa. Shirika la Afya Duniani linasema hatari ya mtembea kwa miguu kufa akigongwa inaongezeka mara nne na nusu mwendo ukitoka 50 kwenda 65. Kilomita 15 tu. Sababu ni kwamba nguvu ya kugonga haipandi sambamba na mwendo, inapanda kwa mraba wake. Gari la 80 linagonga kwa nguvu mara mbili na nusu ya gari la 50. Na kabla hujagusa breki, ile sekunde moja ya kushtuka, ukiwa 50 umeshakula mita 14, ukiwa 80 mita 22. Mita nane za tofauti ndiyo upana wa barabara anayovuka mtoto wa dada #4.

#17 Mama Wawili

#16 asante. Nitaibandika kwenye kundi la wazazi.

#18 Mzee wa Safari

Nimekuwa nasoma kimya, sasa nazungumza kama mwenye V8.

Hiyo V8 mnayoisema ninayo. Nimeinunua imetumika, kwa mkopo, napeleka watalii Mikumi na Ruaha. Injini yake cc 4,500 na zaidi. Jirani yangu hapa Mbezi Beach ana gari jipya la umeme na mafuta, injini 1,800, bei yake inanunua yangu na kiwanja. Mkiweka faini kwa injini, mimi ndiye mtanipiga, yeye atalipa kama Vitz. Na yule mwenye Noah kuukuu anayebeba wanafunzi, injini 2,000, mnampandisha daraja moja na tajiri.

Halafu tulishawahi kulipia kwa injini. Kuna waliosahau ile leseni ya gari ya kila mwaka? Ilikuwa inalipwa kwa ukubwa wa injini. Ikafutwa kwenye bajeti ya mwaka 2017, ikahamishiwa kwenye mafuta, shilingi 40 kila lita. Wenye magari tulifurahi.

#19 Ng'wana Kishapu

#18 mzee wangu, mlifurahi ninyi. Hiyo 40 iliwekwa kwenye petroli, dizeli NA mafuta ya taa. Mama yangu kijijini hana hata baiskeli, alikuwa anawasha koroboi. Akaanza kulipia leseni ya gari ambalo hana.

#20 Mhitimu wa Mlimani

#19 sababu ya mafuta ya taa kuingizwa ilikuwa kuzuia uchakachuaji. Yakiwa nafuu kuliko dizeli watu wanachanganya, injini zinakufa. Lakini kweli, aliyezuiwa ni mchakachuaji, aliyelipa ni mwenye koroboi. Kwenye suala la kanuni na haki sijaona mfano mzuri kuliko huu.

#21 Chuma cha Mjerumani

Mnazunguka. Narudia, endesha 50.

#22 Dada Zuhura

#21 kaka, hata mwenye kuendesha 50 anaweza kudaiwa. Gari langu lilikuwa gereji, injini iko chini imefunguliwa, nikiangalia deni kwenye mfumo naona kosa la mkoa ambao sijawahi kufika. Namba ya gari imeandikwa kwa mkono, herufi moja ikakosewa. Nilijua kwa sababu nilikuwa na risiti ya fundi yenye tarehe. Nilizungushwa sana mpaka likaondolewa, na kila dirisha jibu lilikuwa moja: "mfumo unaonyesha". Mtu yuko mbele yangu, ana macho, anaona risiti, anaangalia kompyuta.

Ndiyo maana siwezi kukubali hoja ya "kifaa hakina njaa". Kifaa hakina njaa, sawa. Pia hakina masikio.

#23 Mjukuu wa Pwani

#22 pole sana. Hilo jibu la "mfumo unaonyesha" limewafunga watu Uingereza. Posta ya kule ilikuwa na programu ya mahesabu inaitwa Horizon, imetengenezwa na Fujitsu. Programu ikawa inaonyesha mawakala wa posta wana upungufu wa fedha. Kati ya mwaka 1999 na 2015 zaidi ya watu 900 wakatiwa hatiani kwa wizi na udanganyifu, wengine wakafungwa, wengine wakauza nyumba kulipa fedha ambazo hazikupotea. Mahakama kule zilikuwa zinaanza na dhana kwamba kompyuta iko sahihi mpaka wewe uthibitishe ina kasoro. Wakala wa kijijini atathibitishaje? Mwaka 2019 Mahakama Kuu ikasema programu ilikuwa na kasoro, na mwaka 2024 bunge likapitisha sheria ya kufuta hukumu zao.

Nchi yenye mawakili wa kila aina, imechukua miaka 20 na zaidi. Sisi dada Zuhura ameokolewa na risiti ya gereji.

#24 Mwanasheria Kijana

#23 mfano mzito. Naongeza tu: pale hakuna sheria mpya iliyohitajika ili kuzuia. Alihitajika mtu mmoja mwenye mamlaka ya kusema "tusimame, tuangalie". Kila mfumo unaotoa adhabu uwe na dirisha la mtu wa namna hiyo, mwenye jina, na muda wa kujibu uwekwe wazi.

#25 Kijiwe Mwenge

Suluhisho rahisi kuliko yote haya: matuta. Weka tuta kila kivuko cha shule. Tuta halina upendeleo, halipokei simu, haliangalii namba ni STK ya gari la serikali au ya mjomba wa nani. V8 itapunguza, Vitz itapunguza.

#26 Muuguzi wa Zamu

#25 ndugu yangu, umeshapanda gari la wagonjwa lenye mtu aliyevunjika paja? Kila tuta analia. Mama mwenye uchungu, kila tuta. Kutoka Bunju mpaka Muhimbili matuta yakiwa kila kivuko, tunafika tumechelewa na mgonjwa ameumia zaidi. Na bodaboda wanapita pembeni ya tuta, hawapunguzi, na wodini kwangu wengi wanaoletwa wanatokana na bodaboda, samahani Salumu.

Lakini pia mimi ndiye ninayepokea watoto waliogongwa. Nipe kamera na matuta machache, yawe na alama za kuonekana usiku.

#27 Salumu wa Manzese

#26 hakuna samahani dada, unasema unachokiona.

#28 Kipepeo wa Tabata

Hilo la STK la #25 ndilo linaloua heshima ya sheria. Gari la dharura lenye king'ora tunaelewa, sheria yenyewe inaliruhusu. Sizungumzii hilo. Nazungumzia gari la ofisi, limebeba mtu mmoja anakwenda nyumbani jioni, limewasha taa za hazadi katikati ya barabara, linatanua kupita foleni yote ya Mwenge. Dereva wa daladala anayeona hivyo kila siku, ukimwambia kuhusu usalama wa watoto anakuona unatafuta hela yake tu. Mimi naamini watu wa Dar wangefuata 50 kesho asubuhi kama wangeona wakubwa wanaifuata leo.

#29 Chuma cha Mjerumani

#28 hapa tuko pamoja. Mimi nafuata 50 hata nikipitwa na hao, ila naumia.

#30 Ng'wana Kishapu

#28 ndiyo maana nasema VTS iwekwe kwenye magari yote ya serikali kwanza. Kama basi la abiria 60 linaweza kufuatiliwa, gari la mtu mmoja linashindikana nini?

#31 Mtoto wa Kitunda

Mimi naendesha gari la kuitwa kwa simu. Mnalalamikia kamera, sisi tunasimamiwa na simu kutwa nzima. Programu moja ilinifungia, mteja amelalamika, hakuna aliyeniuliza. Ujumbe ukaja umeandikwa vizuri, nikijibu najibiwa na mashine. Gari ni la bosi, hesabu ya wiki inasubiriwa palepale. Polisi barabarani angalau unamwambia "afande, naomba nikueleze". Yule unamweleza nani?

#32 Mtu wa Takwimu

#31 hilo sekta yenu imelipigania. Mwaka 2022 LATRA iliweka ukomo wa kamisheni ambayo programu zinamkata dereva kuwa asilimia 15, Uber wakasimamisha huduma zao hapa mwezi Aprili. Ukomo ukapandishwa mpaka 25, Januari 2023 wakarudi. Tulibishana sana kuhusu asilimia. Kuhusu dereva kufungiwa bila kusikilizwa, hatukubishana vya kutosha.

#33 Sauti ya Kimara

Nimesoma zote, asanteni. Kwa injini, mzee #18 umenipa swali gumu, lakini bado siamini kwamba kiwango kimoja ndicho haki. Basi tuongeze kwa kurudia: kosa la kwanza 30,000, la pili ndani ya mwaka mara mbili, la tatu mara nne, la nne leseni ikae kwanza. Hapo hatuhitaji kujua kipato cha mtu wala injini. Mwenye hela anaweza kununua makosa, hawezi kununua leseni iliyofungiwa.

#34 Mzee wa Safari

#33 hiyo naisaini leo. Lakini iandikwe kwa leseni ya dereva, isiandikwe kwa namba ya gari. Nikiandikiwa mimi makosa ya madereva wangu wote, nafungiwa kabla ya msimu wa watalii kuanza.

#35 Dada Zuhura

#34 na ikiwa kwa leseni, lazima dereva asimamishwe na atambuliwe palepale. Basi picha ya kutumiana kwa simu haitoshi.

#36 Mama Wawili

Na asiposimama? Wengi pale Boko hawasimami.

#37 Bakari Temeke

Wakuu samahani naingia katikati. Kwa kuwa mnaongelea deni kufuata namba ya gari: nataka kununua IST ya jamaa hapa Temeke. Nimeingiza namba kwenye tovuti ya polisi ya madeni, nimekuta makosa kadhaa ya Barabara ya Kilwa na moja la Chalinze. Yeye anasema nimpe hela yote, atalipa baadaye. Nimkate kwenye bei au nisubiri?

#38 Fundi Maneno

#37 usitoe hela yote. Mwende pamoja, namba za malipo zitoke mbele yako, alipe kwa simu yake, uangalie tena deni limesoma sifuri ndipo muandikishane mauziano. Na mbadilishe umiliki TRA haraka, maana mpaka jina libadilike akipata kosa lingine linakuja kwako. Rimu zake ni za kiwandani?

#39 Bakari Temeke

Kubwa, za kung'aa.

#40 Fundi Maneno

Lete gari Tabata kabla hujalipa. Tutalipima kwa GPS.